Mke Wangu na Mwenye Shamba la Mizabibu

Mpendwa Mama Wilkister, nakuomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hata meza ninayoandikia si yangu, ni ya rafiki yangu Cyprian hapa Jordbro, Uswidi, ambako nimehamia tangu Jumapili na kumwacha mke wangu Adelina na watoto kule Rågsved.

Sisi ni Wahaya wa Bukoba. Adelina anafanya kazi katika nyumba ya wazee, na huko kuna bibi mmoja wa Kiswidi, Hedvig, ambaye miguu imekwisha lakini hamu ya kuiona dunia haijaisha, basi Septemba hii akataka kwenda Ujerumani kupanda meli ya mtoni, mto Rhine na kisha Mosel, kupita kwenye mashamba ya mizabibu na miji ya kale ya Warumi, na wa kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu akamchagua mke wangu. Adelina akaniuliza, "Wewe unasemaje?" Nikamwambia nenda, mimi sina haja ya kutazama Wazungu wakinywa divai. Nikabaki na watoto, nikapika, nikafua, na kila jioni najiuliza sasa hivi meli imetia nanga mji gani. Maana hiyo miji, Mama, mimi naijua! Nilisoma seminari, mapadri wakatufundisha Kilatini kwa fimbo, na lile lango la Warumi pale Trier nililichora nikiwa kijana kabla Adelina, binti wa mkulima aliyeishia darasa la nne, hajajua hata Ulaya iko upande gani. Aliporudi nikamuuliza, lango umeliona? Akasema, "Nimeliona. Mawe meusi, lakini kuna kivuli kizuri." Mawe meusi!

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Jumapili Bibi Hedvig alitualika tukaonyeshwe picha za safari, zile za kumulikwa ukutani kwa mashine, kwa kahawa na keki, ukumbi umejaa wazee na jamaa zao. Tukaona Adelina juu ya meli, Adelina langoni, halafu Adelina katikati ya mizabibu na mwanamume, mwenye shamba, amekunja mikono ya shati, ana kikapu cha zabibu miguuni, na mke wangu anampa buni kiganjani. Buni zetu za kutafuna, alizochemsha na kukausha mama yangu mzazi, akazifunga kwenye jani la mgomba na kumpa mtu aniletee kwa ajili ya wageni wanaoingia nyumbani kwangu! Picha iliyofuata ndiyo iliyonimaliza. Adelina amepasua buni moja kwa meno, punje moja iko mdomoni mwake, ya pili anampa yule bwana. Wewe si wa kwetu, labda hujui: kwetu watu wakigawana punje mbili za buni moja wanakuwa wamechanjiana udugu, hautoki mpaka kaburini. Nikapandwa na mori, nikasimama mbele ya mashine, picha ikanimulika kifuani, nikapiga kelele kwa Kiswahili kwamba mke wangu amefungana na Mjerumani. Hawakuelewa, mpaka Bibi Hedvig alipomuuliza binti yangu Domina baba anasema nini, na mtoto akawatafsiria yote, neno kwa neno, kisha akanigeukia, "Pappa, sätt dig!" Mtoto ananiambia nikae chini, mbele za watu! Adelina akalia, mimi nikatoka.

Nimemwambia aache kazi ile, ama nitamrudisha kwao Bukoba. Anasema haachi, na mwakani Hedvig anataka waende mto mwingine. Mama, nimrudishe, au ningoje aniombe radhi?

Severin, Jordbro

Severin,

Pole. Wivu unauma, na anayesema hauumi hajawahi kuupata. Pole yangu inaishia hapo.

Kuhusu buni, nimemuuliza Mzee Damian, Mhaya mwenzako, jirani yangu hapa Husby. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema kuchanjiana kunataka damu na mashahidi. Je, kwenye picha uliona wembe? Nimetafuta katika barua yako mahali ulipomuuliza mkeo ilikuwaje, sikupaona. Mimi nadhani mwenye shamba alimpa zabibu, na binti wa mkulima hapokei bila kurudisha. Angempa nini, pipi za dukani? Na Mjerumani hajui buni inaliwaje, ilibidi aonyeshwe.

Sasa tuache mchezo. Huyo bwana umempa mistari michache. Meli, mito, lango, hata padri na fimbo yake, ndivyo vimejaza barua. Wivu wako si wa mwanamume, Severin. Unamwonea wivu mkeo. Ulitaka usimame wewe pale Trier, akasimama yeye, tena akiwa kazini, anasukuma kiti juu ya mawe ya barabara za kale. Na kwa kuwa ameona ulichotamani kuona, unataka kumfukuza mama wa watoto wako! Huoni haya?

Leo usilale Jordbro. Cyprian amekuchoka hata kama hasemi. Kazi ya mkeo usiiguse, na mwakani akisafiri umbebee mzigo mpaka kituoni. Kwa Bibi Hedvig utakwenda mwenyewe kuomba radhi, kwa Kiswidi chako hicho hicho kibovu, mtoto asikusaidie. Kisha Adelina akusimulie safari nzima, mji kwa mji, na akifika kwa Warumi usimsahihishe.

Lakini yote hayo ni ya baadaye. Akikufungulia mlango, kabla hujavua koti, mwambie kwa Kihaya: "Nilitamani kwenda mimi." Halafu nyamaza, umsikie atakavyokujibu.

Mama Wilkister