Kichwa cha Hashiru Kisikandwe

Mkuza, Kibaha
9 Machi 2024

Mama yangu Bi Hajra,

Shikamoo. Magoti yanasemaje leo? Mimi mzima, na Mkuza nzima bado inaziba tairi kwangu, uliza yeyote. Ila Maua amejifungua, na mimba ilikuwa ya miezi sita tu na siku zake. Mtoto wa kiume. Nimempa jina la marehemu baba, Hashiru.

Mama, nimefika Lubumbashi nikiwa utingo wa lori, nimeona watu wa kila umbo, lakini binadamu mdogo hivi sijapata kuona. Hospitali wamemweka kwenye sanduku la kioo lenye joto. Juzi Dokta Eugenia alimpaka mafuta mazito utosini, akapitisha kimashine, ubongo ukaonekana kwenye skrini. Anasema watoto hawa mishipa yao ya kichwani ni laini, hupasuka bila hata kuguswa. Kwa Hashiru damu kidogo imevuja upande wa kulia.

Nikamuuliza atakuwa mzima? Akasema anaweza kuwa mzima kabisa, anaweza kuchelewa kukaa na kutembea, au mkono na mguu vikawa vizito. Nikamwambia, daktari, hata fundi wa injini mbovu hunipa jibu moja. Akasema tutajua kadiri anavyokua. Tangu hapo sikai, mama. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda hadi geti la hospitali.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatia ukisema nakupigia kelele. Omary wa mihogo ataifikisha barua hii. Utuombee.

Mwanao,
Jabiri

Marui, Kisarawe
15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Mpe Maua pole na hongera kwa pamoja.

Acha kuhangaika. Wewe ulitoka na kichwa kama boga lililolaliwa na jiwe. Nilikukanda kwa maji moto na kitambaa, asubuhi na jioni, mpaka watu wakakubali kukubeba. Wakimruhusu, mlete huku na mama yake. Maua hana mama, mama ni mimi. Nitamkanda kichwa, hiyo damu itajua njia. Dawa ya utosi nimeshaianika.

Na hao wanaompapasa mtoto utosi kwa mashine, wao wamezaliwa na nani?

Mama yako

Mkuza
26 Mei

Mama,

Shikamoo. Mvua imeacha mihogo salama? Hashiru ametoka hospitali. Mimi na Maua tumepokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Wateja wamenikuta nimejifunga kanga kama mwali, nikawaambia Lusaka wanaume wote wa maana wanavaa hivi.

Chumba chetu kimepakana na kompresa, mtoto anashtuka kila nikijaza upepo. Kwa hiyo Jumamosi yeye na Maua wanakuja kwako. Lakini mama, hapa naandika nimepiga magoti. Usimkande kichwa. Utosini usiweke dawa. Usimtikise, usimrushe. Sisemi mikono yako mibaya, mimi mwenyewe ni kazi ya mikono hiyo. Ila ubongo wake una kidonda, na fuvu ni laini. Utosi ukivimba, akitapika mfululizo, au akilala asiamke kunyonya, ni hospitali hapohapo.

Majirani wakikuuliza mbona bado mchanga hivyo, waambie alitakiwa azaliwe Juni. Kwa hesabu ya daktari hata hajafika.

Mwanao,
Jabiri

Mkuza
12 Juni

Mama,

Wiki mbili hujajibu. Simu ya Maua haipatikani. Omary amerudi mikono mitupu, kasema alimuona shangazi Kudra anaingia kwako na sufuria kubwa na kuni kichwani. Shangazi hajawahi kumpikia mtu.

Jana nimemfungia mteja gurudumu bila kukaza nati, nikamkimbilia barabarani nikipiga mayowe. Marui si mbali, ningeshakuja. Ninachoogopa ni kukukuta unakanda, maana sijui nitakushika vipi mikono, wewe mama yangu mzazi.

Jabiri

Marui
17 Juni

Jabiri,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo umeisahau. Natumai u mzima. Simu ya Maua ilitumbukia kwenye ndoo, imelazwa kwenye mchele.

Sikujibu kwa sababu nilikasirika. Nimekanda vichwa vya nusu ya kijiji hiki, leo mwanangu ananiandikia usi, usi, usi. Kudra alikuja kweli. Akachemsha maji, akakunja kitambaa, akasema, “Wifi, lete mtoto. Jabiri yuko Kibaha, atajuaje?”

Nikamlaza Hashiru mapajani. Kichwa kirefu, kimebanwa huku na huku. Mikono iliniwasha, mwanangu. Nikaweka kidole utosini, nikasikia unapiga, tuku, tuku, hapohapo chini ya ngozi. Nikakiondoa. Maua alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, anajifanya ni moshi.

Nikamwambia Kudra, “Huyu hajamaliza kuzaliwa, mwache.”

“Atabaki na kichwa cha papai.”

“Papai nalo lina wanunuzi wake.”

Kaondoka amenuna. Maji hayakupotea, nimejikandia magoti.

Kuna jambo hukuniandikia, Maua kaniambia. Ngumi ya kushoto Hashiru hafungui, kidole gumba amekificha ndani. Uliogopa nitasemaje? Atatembea au hatatembea sijui, na sitakudanganya. Maua amenionyesha alivyofundishwa kliniki: unasugua mgongo wa mkono taratibu, vidole vinafunguka vyenyewe, huvuti. Namfanyia kila akimaliza kunyonya. Leo kidole gumba kimebaki nje mpaka akasinzia.

Jumapili uje na sabuni, nepi zake zimemaliza ya kwangu.

Mama yako