Koti la Mzee Tomasi

Bwenini, Dar es Salaam
6 Machi 1977

Mtani wangu Lukasi,

Nimemkosea mdogo wako Yeremia, na nimewakosea ninyi nyumba nzima. Nalisema hilo kabla ya salamu, maana najijua, nikianza na salamu nitazunguka.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe na watoto? Mama yenu, Mama Raheli, anaendeleaje na kifua chake? Mpe shikamoo yangu, ila akishasikia barua hii yote asijisumbue kuitikia. Mimi afya ninayo. Utaona leo sijakuita mwizi wa mbuzi, na wewe usiniite mkata mkonge. Sina uso wa kukutania.

Unakumbuka Julai tulivyopanda treni Kilosa. Yeremia kijiji kilikuwa kimempitisha aje chuo kwa kufundisha shule yenu miaka miwili. Mimi nilipitia mlango wa watu wazima, mwalimu wa miaka arobaini na tatu. Mama Raheli alinishika mkono pale stesheni akaniomba nimwangalie mwanawe, kwa sababu mimi ni mtani na mtani siyo mtu baki. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Chuo kilinikalia vibaya tangu wiki ya kwanza. Ninaosoma nao ni rika la wanafunzi wangu. Wakaniita Babu. Nikinyoosha mkono darasani, huko nyuma wanakohoa kizee. Mhadhara ni Kiingereza cha haraka, nusu naandika, nusu inanipita. Kwenye foleni ya chakula kuna kijana wa mjini anaitwa Anselmi, kila siku alikuwa ananipisha mbele akiwaambia wenzake wamwache mzee ale kabla hajafa. Ukumbi mzima unacheka. Yeremia peke yake alikuwa hacheki. Jioni alikuja na madaftari yake kunieleza upya yaliyonipita, na hakuwahi kunifanya nijione mzito.

Mwezi wa tisa, tukiwa mezani, Anselmi akaniuliza kama huko kwetu wazee wote wanatafuna mdomo wazi. Nikaona heri nichekeshe kuliko kuchekwa. Nikawaambia hawajaona kitu, wangemwona baba yake huyu Yeremia.

Lukasi, ulikuwepo kwenye msiba wa Mzee Tomasi. Nilivaa koti lake, nikaburuta mguu kama alivyoburuta tangu apooze, nikapinda mdomo, nikawazungukia waombolezaji nikidai ugoro wangu. Ndiyo kazi ya mtani. Mama Raheli alicheka katikati ya machozi, akanipa jogoo, na palepale nikavua koti. Mtani akishapewa kitu, ananyamaza. Hata mtoto wa kijijini kwenu Mamboya anajua hivyo.

Basi nikachukua koti la Anselmi, nikalivaa, nikaburuta mguu kati ya meza. Nikatoa mate. Nikamwita Yeremia aje kumfuta baba yake. Vijana walilaliana kwa kicheko. Wao hawakujua msiba wala utani, waliona kiwete tu. Siku ile hakuna aliyeniita Babu, na sikufichi, nilijisikia vizuri.

Yeremia akainuka na mkate wake. Akaukata, nusu akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Wenzetu walidhani ananilisha. Mimi nilijua ananilipa nivue koti.

Nikauchukua ule mkate, nikaula, nikaendelea.

Toka hapo wakampa jina la Buruta. Walimfuata wakivuta miguu mpaka mlangoni mwa darasa. Kila nilipoona wananigeukia mimi, niliwapa kipande kingine cha Mzee Tomasi. Alivyokula. Alivyovaa. Novemba nikawaonyesha alivyokata roho, na hapo ndipo Yeremia aliponipiga na kigoda, nikapoteza meno mawili.

Kamati ya nidhamu iliniuliza kama nilimchokoza. Nikajibu kwamba kijana huyu simjui sana, tunatoka wilaya moja tu, na labda kuna wazimu katika ukoo. Wakamuuliza Yeremia ana la kusema. Alinigeukia, akasema, “Muulizeni mtani wangu.” Nikanyamaza. Wakamfukuza.

Mengine unayajua. Wewe mwenyekiti wa kijiji ulisimama mkutanoni ukasema aliyempiga mzee si ndugu yako, asikanyage Mamboya. Krismasi nikaja kwenu na pengo langu. Mama Raheli akanipigia magoti kuniomba radhi kwa ajili ya mwanawe, akanipa jogoo. Nikapokea, Lukasi. Nikampokea yule jogoo.

Wakati wa kurudi reli ilikuwa imekatika kwa mvua, nikapita Mikumi. Basi liliposimama nikamwona Yeremia chini anaosha matairi ya lori, amekonda, miguu mitupu. Naye akaniona. Akaenda kibandani, akarudi na nusu mkate, akauinua mpaka dirishani kwa mikono yake miwili iliyojaa matope.

“Chukua, mtani,” akasema. “Sasa vua koti la baba yangu.”

Basi likaondoka. Ule mkate nilifika nao Dar es Salaam mapajani.

Juzi nilikwenda kwenye kamati nikasema yote. Wamesema kesi ya Yeremia wataifungua upya kijiji kikimpitisha tena. Yangu wataiamua baadaye, na sidhani kama mwaka wa pili utanikuta hapa. Anselmi aliposikia alicheka tu, akasema kumbe Babu ana mambo.

Wasalimie shemeji Magreti na wote wanaoniulizia. Usimwandikie Yeremia, kwa barua hatakuja. Jumamosi tarehe 26 nitakuwa Mikumi kumwomba mwenyewe. Akikubali nitakuja naye, akinifukuza nitakuja peke yangu. Wewe itisha mkutano Jumapili tarehe 27 Machi, watu wakitoka ibada, palepale ulipomkana. Nitasimama nieleze kama nilivyoandika hapa, bila kupunguza, kisha nitamrudishia Mama Raheli jogoo wake, kwa mikono miwili.

Mimi niliyekuwa mtani wako,
Oswald