Chupa ya Mama Mkwe na Kilo Zisizoshuka

Mpendwa Mama Pelagia, naomba msaada wako na naomba uwahi, maana tarehe kumi na tano mwezi wa nane tunabatiza mtoto, na siku hiyo nimepanga kusema neno ambalo likishatoka halirudi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka ishirini na sita, nakaa Nyasura hapa Bunda, shule niliishia darasa la saba kwa hiyo unisamehe mwandiko. Majina nimeyageuza yote, maana gazeti lako huku likishasomwa linafungiwa maandazi halafu linasomwa tena.

Mama, mimi nilikuwaga mnene sana, siyo ule unene wa kusifiwa, ni unene wa kuzuia pumzi, baada ya kumzaa huyu wa pili, Eliasi, nikafika kilo mia moja thelathini na sita na sukari ikapanda, miguu inawaka moto, mtoto alipoanza kutembea akikimbilia barabarani siwezi kumfuata, namwita tu huku nalia. Kaka yangu Danford anafanya biashara ya samaki Musoma, anakaa Kamunyonge, ndiye alisikia kwamba Nairobi kuna daktari anapunguza tumbo kwa kisu, likishapunguzwa unakula kidogo unashiba, akanipeleka mwezi wa kwanza mwaka huu. Nilipasuliwa, namshukuru Mungu niliamka. Daktari akasema tumbo langu sasa ni kama kikombe cha kahawa, akanipa karatasi mbili za Kiingereza, kaka akazisoma haraka haraka kwenye basi akaniambia, "Kwa kifupi, mdogo wangu, ugali usizidi ngumi ya mtoto."

Nimefuata hivyo hivyo. Ugali nakula ngumi ya Eliasi na siongezi. Miezi miwili ya kwanza nilishuka mpaka mia na ishirini na moja, nikafurahi, nikaanza hata kuwaza gauni. Tangu hapo ni kama kilo zimepigiliwa misumari, mia na ishirini, mia na kumi na tisa, mia na ishirini tena, mwezi uliopita mia na kumi na tisa. Mume wangu Masatu ni mpimaji kwa hawa wanunuzi binafsi wa pamba waliokuja juzi juzi, kila mwisho wa mwezi ananipandisha kwenye mizani ya godauni kama furushi. Siku moja nilimwambia labda mizani imekosea, akasema mizani haidanganyi, nikamjibu, "Hii ya pamba?" Alinuna siku tatu.

Watu nao hawanyamazi. Wifi yangu Justina anasemaga kule Nairobi nilichanwa ngozi tu nikashonwa. Wengine wanasema nafichaga chapati. Na mimi najua nikikonda haraka watasema ni ule ugonjwa, nisipokonda mimi mlafi, sasa nikonde vipi ili watu waridhike?

Lakini kinachonitisha hasa ni mama mkwe. Alikuja kutoka Buswahili niliporudi na kidonda, na kwa kweli ananihudumia, mtoto anamwogesha, maji anachota, na kwa vile anaona sili ananipa vya kunywa, asubuhi uji wa ulezi, saa nne chai ya maziwa, mchana baada ya ile ngumi ya ugali ananipa mtindi, alasiri uji tena, jioni maziwa ya moto, na Masatu akirudi na soda tunagawana. Sili kitu, Mama Pelagia, nakunywa tu.

Wiki mbili zilizopita niliingia jikoni bila kupiga hodi nikamkuta amenipa mgongo. Ana chupa ya dawa ya kikohozi, ile ndogo ya kahawia, karatasi yake imebanduliwa, alikuwa ameilaza kando ya mafiga ipate joto, akaichukua akamimina kwenye kikombe changu, akakoroga, akafunika na kisosi. Aliponiona akaifutika chupa kwenye kanga. Nikamuuliza, mama, hiyo ni nini. Akasema, "Kunywa, mwanangu, usiniulize ulize."

Sikunywa. Nilikiacha kikombe kikapoa, juu kukawa na utando wa njano. Eliasi akakikuta akalamba mpaka kidole, bibi yake akacheka akamwongezea. Toka siku hiyo nasema huyu mama ndiye kafunga kilo zangu, asitake nipone, labda anataka mwanawe aoe mwingine. Jirani yangu Ursula anasema kuna mzee anatoa dawa ya kutapisha, nitapike vyote nilivyowekewa, na siku ya ubatizo niweke kikombe mezani mbele ya ukoo nimtaje.

Nimtaje, au nimrudishe Buswahili kimya kimya? Nampenda, ndiyo maana naumia. Nilichotaka mimi ni kumkimbilia mwanangu siku moja nimkamate.

Mama Eliasi, Nyasura.

*

Mama Eliasi,

Pole, mwanangu. Kupanda mizani ya pamba kila mwezi mbele ya mume si jambo jepesi, na wewe hujakosa hata mwezi mmoja. Sasa kaa chini nikugombeze.

Unaniambia huli kitu. Nimechukua penseli nikahesabu vikombe vyako: ni sita kwa siku, na maziwa na sukari ndani. Nani alikwambia hicho si chakula? Tulikwambia sisi wote. Hata mimi nimekulia huko. Mtu anashinda na uji na mtindi, jioni asipouona ugali anasema ameshinda njaa. Lakini tumbo lililopunguzwa linazuia kigumu tu. Cha majimaji kinateleza kinapita, hushibi, na nguvu yake yote inabaki mwilini. Umeufungia ugali mlango, vikombe vinaingilia dirishani.

Tuje kwenye chupa. Sijaiona, naweza kukosea, lakini jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Kitu kinachoganda mpaka kilazwe kando ya moto, kikipoa kinafanya utando wa njano, na mtoto analamba kidole, kwenu kinaitwaje? Kwetu kinaitwa samli. Halafu niambie, ni mchawi gani anayemwongezea mjukuu wake sumu huku anacheka?

Kwa nini alificha? Wewe umezaa mara mbili, unajua desturi. Aliyezaa na aliyepasuliwa hulishwa samli na maziwa mpaka mwili urudi, na mama mkwe ndiye anayeulizwa. Mke wa mwanawe akikonda, wanawake kisimani hawamuulizi daktari, wanasema bibi yule anamnyima. Wewe unapimiwa godauni, yeye anapimiwa kisimani. Labda alisikia kwamba mtu wa sukari na unene hukatazwa mafuta, akaogopa kugombezwa, akajificha. Kakosea, ndiyo. Lakini bibi akishatajwa uchawi mbele ya ukoo, sehemu zetu hizi, harudi tena kulala salama kijijini kwake. Ulitaka kumfanyia hivyo mtu anayekuchotea maji?

Dawa ya kutapisha usiiguse. Tumbo lako limeshonwa. Ursula akaitapikie yeye.

Kesho nenda hospitali ya wilaya na zile karatasi mbili. Mwombe muuguzi akusomee neno kwa neno, Masatu awepo, na mama mkwe awepo, maana mpishi ndiye anayepaswa kusikia. Uliza uanze na nini, samaki au maharage au yai, kiasi gani, na maji unywe saa ngapi. Sukari ipimwe siku hiyo hiyo. Uliza pia kama mwendo wako wa kushuka kilo ni wa kawaida, usimuulize Justina. Na upimwe huko huko, mizani ya Masatu mwachie pamba. Wakulima wa Bunda watakwambia haijawahi kumwongezea mtu kilo. Ikidanganya, basi inakupunja.

Halafu usidharau ulichokwisha kutua. Kilo kumi na saba. Jaza debe la maji, jitwishe, zunguka nyumba mara moja, ndipo utajua ni mzigo gani huubebi tena. Ukilitua, anza kutembea hivyo kila asubuhi, Eliasi akiwa mbele.

Nyumbani mkirudi mwambie mama mkwe, wewe na yeye tu: "Mama, naomba unionyeshe ile chupa." Akikuonyesha, usimcheke. Mwambie samli iende kwa watoto.

Na siku ya ubatizo weka kikombe mezani kama ulivyopanga. Kiwe na maji, na mwombe yeye akuletee. Kisha simama mbele ya ukoo useme kwa sauti, na wale wa kisimani wasikie: "Mkiona nakonda, mjue ni mama huyu ananitunza."