Mbolezi ya Nyanya Ukumbini

Al Barsha, Dubai
14 Novemba 2007

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Mimi ni mzima, na kazi ya kuhudumia chai hotelini inaendelea. Wewe je, hujambo? Nakuuliza kwa dhati, Mama, si kwa mazoea. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ingawa napiga kila siku.

Hapa kuna Madam Galina, Mrusi anayepiga piano ukumbini saa za chai. Ana maringo kidogo, ila hana ubaya. Aliniambia kwamba kwao wanamuziki wakubwa walichota mahadhi kwa wanawake wa vijijini, waliokuwa wakiimba wakivuna na wakizika, na kwamba hata washairi wao waliosifika walikuzwa na hadithi za yaya. Enzi za masomo, mwalimu wake aliwapeleka vijijini kuandika nyimbo za vikongwe kabla hazijapotea. Kisha akaniuliza kwetu wazee huimba nini.

Kichwa kikanivimba. Miaka miwili naitwa tu yalla, chai, yaani fanya haraka. Mara mtu ananiuliza habari za Nyanya! Nikamwimbia mbolezi yake. Ndiyo, ile aliyotukataza kuiimba kama hakuna maiti nyumbani, kwa kuwa ikiimbwa bure hujitafutia maiti. Madam aliiandika yote huku akilia, akasema inafanana na vilio vya kwao.

Jumamosi akaipiga mbele ya wageni. Walipiga makofi, Mama! Mimi nimeshika birika. Kesho yake simu yako ikazimika.

Sasa nikuambie lililobaki, maana nikilinyamazia nitapasuka. Unajua mbolezi ile ina mahali pa kutaja jina la marehemu. Nilipofika pale, Madam alikuwa akisubiri na kalamu yake. Siku hiyo nilikuwa nimekukumbuka mno. Nikataja lako. Naye akaupa wimbo jina hilo, likachapishwa kwenye kadi mlangoni: Pauline. Nimemwomba aliondoe; akacheka, akasema kutaja jina la mama ni heshima. Anaupiga kila siku.

Teresiah, mwenzangu wa kazi, anakuja likizo na barua hii. Nimemsihi aitie mkononi mwako, asimpe mwingine. Ukishaisoma, chukua simu yake unipigie. Usianze na salamu. Taja jina lako kwanza, kwa sauti yako mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani, na unisamehe.

Mwanao mwenye hofu,
Lynette