Mguu wa Kushoto wa Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote: siku bibi alipofariki, mimi ndiye niliyemchua mguu. Wa kushoto. Ulikuwa umevimba peke yake, una joto, na chini ya kidole gumba changu kulikuwa na kitu kigumu kama kamba. Nikakikandamiza. Bibi akasema, hapohapo mjukuu wangu, tia nguvu. Nikatia. Nilipotoka kunawa mafuta nikasikia anahema vibaya. Niliporudi — kimya.

Wote wanasema ni moyo. Mwaka mzima sasa nimewaacha waseme.

Jumatano, 5 Machi

Saluni imejaa. Tangu nimalize shule namsaidia mama kuosha nywele. Yeye anasuka na kukausha, wima kutwa. Mishipa ya miguu yake imetuna, imejisokota kama nyaya mpaka nyuma ya goti. Mteja mmoja akamtania: shoga, umeme ukikatika tutachomeka drya kwenye miguu yako! Mama alicheka kuliko wote.

Jioni akaninyooshea mguu na chupa ya mafuta. Nikasema nina kazi. Kazi gani, na shule umemaliza? Nikaikalia mikono yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleka mama zahanati! Mimi, nisiyeweza hata kuuliza bei dukani. Muuguzi akatueleza taratibu. Ndani ya mishipa kuna milango midogo inayozuia damu isirudi chini. Ikilegea, damu inatuama, mshipa unatanuka. Avae soksi za kubana, atembeetembee, akipumzika ainue miguu. Isiposaidia, hospitali kubwa huuziba mshipa mbovu kwa joto, na damu ikapita kwingine.

Mama: kwa hiyo sifi leo? Muuguzi: leo una wateja, mama.

Kisha akaacha utani. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto, msiuchue kamwe. Huenda kuna donge la damu. Likibanduka, linakwenda mapafuni.

Alinitazama. Au nilidhani tu. Njia nzima nilikificha kidole gumba ndani ya ngumi.

Jumatatu, 10 Machi

Mguu wa kushoto wa mama! Umevimba, wa moto. Nilipotoka bafuni asubuhi, mama mkubwa, aliyekuja kumjulia hali mama, alikuwa ameshapiga magoti, mafuta kiganjani. Nikapiga kelele: usimguse! Akashtuka: heh, bubu wetu leo ana sauti? Nikamvuta mkono mpaka akakaa chini.

Tuko hospitali. Daktari alimuuliza mama kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kupata donge la damu. Mama akasema: hakuna, mama yangu alikufa kwa moyo. Daktari akaandika: hakuna. Nililiona neno lenyewe.

Sasa wamemwingiza kwenye chumba cha altrasaundi. Nipo nje kwenye benchi. Mara tatu nimesimama, mara tatu mdomo umegoma. Mama mkubwa ananiuliza, unaandika nini wewe, mtihani? Nitaichana karatasi hii kutoka daftarini. Mlango ukifunguliwa tu, nampa daktari.

Daktari, pale ulipoandika hakuna, si kweli. Mama yake mama alikuwa na mguu hivihivi, siku ileile akashindwa kuhema, akafa. Nilikuwepo. Nilimchua. Mtibu mama ukijua hilo. Lakini nakuomba, usimwambie ilikuwa mikono ya nani.