Usimchinje Ndama wa Bihogo

Leningrad, katikati ya Februari

Mdogo wangu Projestus,

Kabla hujasoma zaidi, ingia jikoni umwambie Mama shikamoo yangu imefika, nami ni mzima, ila baridi ya huku imenichubua midomo. Nyie hamjambo? Kahawa ya nyuma ya nyumba mmeshaipalilia? Haya, umeshamwambia? Sasa keti, maana nina ugomvi na wewe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na tangu hapo sijatulia. Eti utamchinja ndama wa ng'ombe wetu Bihogo, umtoe ile tezi ya kifuani, umchemshie dada yetu Kokugonza mchuzi! Nani kakutuma? "Wewe mwenyewe kaka uliandika," unaniambia. Loo! Niliandika habari za kazi yangu, Projestus, sikuandika cheti cha daktari.

Nisikilize tena, polepole. Tezi ile hukaa nyuma ya mfupa wa kifua. Mtoto anayo kubwa, na ndama vilevile, ila ya mtu mzima imesinyaa. Humo ndimo chembe nyeupe za damu hufundwa kupigana na maradhi. Sisi maabara tunaletewa tezi za ndama kutoka machinjioni, tunazisaga, tunazichuja siku nenda siku rudi, mpaka tupate unga usiojaza hata kijiko cha chai. Unga huo tunawadunga panya waliotolewa tezi zao, tuone kama kinga ya mwili itarudi. Tunawadunga, hatuwanyweshi. Ukiunywa, tumbo linausaga kama nyama nyingine yoyote. Mchuzi wako utakuwa mchuzi tu.

Na hao panya wenyewe! Wengine wananenepa na kuchangamka, wengine wanakufa vilevile. Kila asubuhi nakimbilia vizimba kabla sijavua koti. Profesa wetu, mama mmoja mkali, akaniuliza, "Mbona una haraka hivyo?" Nikamwambia nina dada anakonda nyumbani, na hospitali imemrudisha. Akasema, "Hatujui bado. Usimwahidi mtu." Nilitaka kulia pale pale. Usidhani wewe unaitaka dawa hii kuliko mimi.

Lakini umesahau uliyoandika mwenyewe juu kabisa ya barua: Kokugonza amekataa ndizi, amekataa uji, kinachokaa tumboni mwake ni maziwa ya Bihogo peke yake. Na Bihogo unamjua kiburi chake. Ndama wake asipoanza kunyonya, hata umbembeleze vipi, hakupi tone. Sasa ukimchinja ndama, dada atakunywa nini?

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa Ngara, anapanda ndege keshokutwa, kwani kwa posta ingefika ndama ameshaliwa. Unasema unangoja jibu langu. Mimi nakujua, hujui kungoja. Ndiyo maana naandika mbio, na maandishi yangu leo yanakwenda upande upande, nisamehe.

Wasalimie shangazi yetu wa Rugera, na jirani wa Bugene anayemletea Mama kuni. Na baba mdogo wa Nyakakika, huyo usimsalimie tu: kama umeshachinja, mfuate leo hii. Ndama wa mama yake Bihogo alipokufa, yeye ndiye aliyeikausha ngozi, akaipaka chumvi, akaiweka mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akairamba, akadhani ni mwanawe, maziwa yakashuka. Kwa hiyo ngozi usiiuze, nakuomba sana, mdogo wangu.

Kama ndama yu hai, mfunge karibu na mlango wa Kokugonza, dada awe anamwona. Na umwambie dada nampenda, ila dawa ya kaka yake bado haijaiva. Anywe maziwa, aningoje.

Ni mimi kaka yako,
Deogratias