Ukuta wa Sadalla

Mkwaja, 1956

Mjukuu wangu Sadalla,

Sisi wazima, na mbuzi wako kazaa pacha. Barua yako nimesomewa, nikakasirika mpaka chai ikapoa. Nyumba ya watu kule Ngamiani umeikatia bei ya kuijenga bila kuweka ujira wa kukandika kuta kwa udongo! Ulidhani watu wa mjini watakuja kukandika kwa sahani ya wali, kama huku kwetu? Sasa boriti zimepanda bei, vibarua wamegoma, mwenye nyumba ataka kukunyang'anya kazi, nawe waniambia niuze minazi ya babu yako. Siuzi hata mmoja, mume wangu!

Jumamosi napanda lori na wanawake wenzangu. Ukuta tutaukandika sisi. Wewe utupikie wali. Nazi nakuja nazo.

Bibi yako, hasira bado ninazo,
Sabiha
Kaniandikia Mwanamkasi.